Nani Alikutuma Jikoni Kwangu?

Mpendwa Mama Neema,

Nimekasirika, na sitaficha. Nimewakasirikia watu wa ofisi ya chuo, na wewe nimekukasirikia, huko Buffalo ulikokimbilia. Nani alikutuma jikoni kwangu siku ile? Nijibu!

Unakumbuka ulivyoingia darasani kwangu hapa Columbus mara ya kwanza? Darasa la Kiingereza la wale ambao mtihani wa kuingia chuo umewashinda. Vijana walikuwa wameinamia simu zao. Wewe ulitoka moja kwa moja kazini, nyumba ya wazee, ukakaa mbele kabisa. Nikauliza kila mtu anatafuta nini. Ukasema, "Mwalimu, mimi naosha wazee tu. Sasa nataka kuwapa dawa." Uuguzi ndio ulioutaka, na mlango wake ulikuwa darasa langu. Insha yako ya kwanza nilikurudishia imejaa wino mwekundu, ukacheka: "Bon, leo umechinja kuku!" Ukairudia mpaka ikanyooka. Ungefaulu. Mimi ndiye niliyekufundisha, najua.

Halafu mama yangu akafariki, wiki ya mtihani wa mwisho wa darasa letu. Mimi nikapewa ruhusa, mwalimu mwingine akasimamia. Wewe nikakukuta kwangu Northland, kitenge kiunoni, unasonga bugali ya kilio pamoja na wamama wa kanisa. Nikakuambia, "Mama Neema, leo ni mtihani! Basi la Morse Road bado lipo, nenda!" Hukuinua hata kichwa.

"Mtihani iko na siku ingine, mwalimu. Mama ya mutu hana siku ingine. Kula."

Nikala. Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu hospitalini.

Siku ingine! Kwetu nani angeuliza? Aliyekwenda kwenye kilio amekwenda kwenye kilio, hata mwenye duka hufunga. Hapa, tulipokwenda ofisini, yule bwana alikuuliza swali moja tu: marehemu alikuwa nani wako? Nawe, na ukweli wako huo, ukasema, "Ni mama ya mwalimu." Basi. Kanuni yao inawajua ndugu wa damu peke yao. Ukapewa sifuri, na nafasi ya uuguzi ikaenda. Nikapiga meza, nikaambiwa nitulie. Nitulie! Mimi niliyekaa nikilia nilipewa ruhusa na pole. Wewe uliyepika, ukaosha masufuria, ukanifunika blanketi, ukapewa sifuri.

Sasa unapanga maboksi ghalani, na kwenye simu unaniambia ni mapenzi ya Mungu. Ebu tusimsingizie Mungu! Kanuni ile wameitunga watu, tena watu wasiowahi kusongewa bugali na jirani.

Muhula mpya unakaribia, na darasa langu linafunguliwa tena. Kile kiti cha mbele nitakiwekea mkoba wangu, asikikalie mtu. Rudi, Mama Neema. Usinifanye nikufuate huko na hasira hizi. Na siku wakikuuliza tena marehemu alikuwa nani wako, usiwatajie habari za mwalimu. Sema ni mama yako. Hutakuwa umedanganya. Kaka yangu wa damu, wa Louisville, alipewa ruhusa kazini kwake siku zote za kilio, akabaki kwake akalala. Aliyemlilia mama jikoni kwangu ni wewe.

Nakungoja, bado nimenuna.

Mimi mdogo wako,
wa mama mmoja