Rambirambi za Mwizi

Jumatatu, 7 Julai

Somoe, huna adabu. Uji unaungua, wewe umeinamia simu. Nimemwambia usoni na hapa nayaandika tena, maana hasira haijaisha.

Anasema ni kazi. Huyu binti yangu ndiye katibu wa chama chetu cha wakulima wa korosho hapa Njinjo. Anasubiri imeili ya muuza salfa wa Mtanda, kule Lindi mjini. Mikorosho imeanza maua. Isipopulizwa dawa sasa, ugonjwa wa ubwiriunga unakausha yote, na mwaka mzima tunakula mihogo. Sawa. Lakini uji umeungua.

Mimi niko eda. Siendi popote.

Jumatano, 9 Julai

Imeili imekuja. Somoe kanisomea. Muuza salfa katoa pole ya marehemu mume wangu, kwa jina lake kamili. Kamwombea kaburi pana lenye nuru. Kasema msikiti utaikosa sauti yake alfajiri. Nimelia. Wanangu wa kiume hawakuweza kusema vile.

Mwishoni, kidogo tu, kasema akaunti ya benki imebadilika, malipo yaende kwenye mpya.

Somoe alitaka kumpigia ahakikishe. Nikamkataza. Mtu aliyekuja na rambirambi hahojiwi kama mwizi wa kuku. Aibu. Nimemwombea dua yeye na wanawe.

Fedha ya chama imetumwa.

Jumanne, 15 Julai

Salfa haijaja. Somoe kapiga simu leo. Muuzaji anashangaa. Akaunti yake ni ile ile. Hakujua hata kwamba nimefiwa.

Somoe hajala.

Jumatano, 16 Julai

Wanachama wamejaa uani. Wanataka avuliwe ukatibu. Mzee Mbonde akasema, "Katibu wetu katongozwa na barua, kakubali siku hiyo hiyo." Wakacheka. Eda imenizuia kutoka, haikunizuia dirisha. Nikamwambia, "Mbonde, wewe ulitongozwa na tembo la mnazi ukauza baiskeli. Barua angalau ilisalimia."

Lakini Somoe analia chumbani, na maua hayasubiri.

Alhamisi, 17 Julai

Kaja kijana wa ushirika kutoka Kilwa Masoko. Yeye barazani, mimi nyuma ya pazia. Anasema ile pole hakuiandika mtu. Mwizi anaituma mashine, wanaiita akili mnemba. Inaokota yale Somoe aliyoyaweka mtandaoni, ya salfa ya chama na ya siku ya mazishi, inatunga maneno papo hapo. Zamani mwizi ulimjua kwa Kiswahili chake kibovu. Sasa anaandika kama sheikh.

Kinyaa. Kitu kisicho na mama wala kaburi kimenililia mume wangu. Na mimi nikamwombea dua aliyekituma.

Nikauliza, dawa yake nini? Anasema walinzi wa mtandao nao wana mashine yao, inanusa imeili za wizi na kuzitupa kwenye takataka. Somoe kafungua hizo takataka. Kakuta imeili ya kweli ya muuza salfa, ya wiki iliyopita: mzigo tayari, lipeni kama kawaida. Haina salamu wala nukta, imeandikwa kama mtu anayekimbizwa. Mlinzi kamtupa mkweli, kamkaribisha mnafiki ndani. Kijana akacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Anasema mashine inajifunza, itazoea. Ijifunze kwa fedha ya nani?

Jumamosi, 19 Julai

Benki wamesema fedha imeshatolewa. Polisi wameandika.

Leo nimewaita wanachama dirishani. Nimewaambia aliyekataza ile simu ni mimi, si Somoe. Wamenung'unika, wakaondoka. Ukatibu anabaki nao kwa sasa.

Jumapili, 20 Julai

Uani kumepoa. Muuza salfa kapiga simu. Atatukopesha nusu ya mifuko mpaka tuuze korosho. Sauti ni yake, anasema Somoe. Kijana alituambia hata sauti wezi wanaiiga. Kwa hiyo sijasema ndiyo wala hapana.

Kesho Somoe apande gari la Lindi. Afike Mtanda, aingie dukani, ampe yule mtu mkono na amtazame usoni. Akae pale mpaka mifuko ipakiwe mbele yake, arudi nayo gari moja. Na asinitumie ujumbe. Aje aniambie kwa mdomo.