Dumu la Maji Safi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua. Mimi nipo, ila nimechoka, na si uchovu wa kulala ukaisha.

Barua yako niliipata. Umesema majirani wananong'ona juu ya kinu cha nyuklia kule juu ya bonde, na unataka jibu la moja kwa moja: mjukuu aendelee kunywa maji ya kisima cha Baba au aache. Nivumilie, nitaanzia mbali kama kawaida yangu.

Kinuni wanapasua atomi za urani. Chembe iitwayo nyutroni ikiigonga atomi, atomi inapasuka vipande viwili, joto linatoka, na nyutroni mbili tatu zinaruka kwenda kupasua nyingine. Joto ndilo linalotupatia umeme. Vile vipande ndivyo vinavyobaki na mionzi. Kimoja huitwa strontiamu. Mwili hukidhania ni kalsiamu, hukiweka kwenye mifupa, hasa ya watoto, na mionzi yake hupungua nusu tu kwa miaka ishirini na tisa hivi. Tangi la mabaki ya kinu likivuja, strontiamu hutembea polepole na maji ya ardhini.

Kazi yangu ni kuipima mionzi hiyo visimani. Mashine husoma kidogo hata pasipo na kitu, kwa hiyo napima kwanza maji safi yasiyo na mionzi hiyo, kisha hesabu yake naitoa kwenye hesabu ya kila kisima; kinachobaki ndicho jibu. Maji hayo safi yanatakiwa yatoke kiwanda cha maji ya maabara, lakini yalikuwa yanachelewa, nami nikajitia ujuaji, nikatumia ya kisima chetu. Ndiyo maana nilikuwa nakuomba dumu la maji. Ukanitania kwamba Profesa mzima bado hajaachishwa kisima cha kwao.

Juzi fundi wa mashine alikuja na maji yake ya kiwandani. Akayapima pamoja na yangu, kisha akaniuliza kwa upole haya machafu nimeyatoa wapi. Nilicheka, nikamwambia ni ya kwetu. Kisha tukapima tena, mara nne.

Dada, kisima chetu kina strontiamu. Miaka sita nimekuwa nikitoa uchafu wetu kwenye uchafu wa wenzetu, napata sifuri, natia sahihi kwamba maji ni salama. Wewe hukujua, mimi ndiye niliyepaswa kujua. Naona aibu, na ninaogopa. Leo nimemwandikia mkuu wa maabara kila kitu.

Mjukuu asinywe tena hata tone, na kuchemsha hakusaidii. Funga kisima leo hii. Waambie na majirani, na unitaje mimi.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na mtoto umbebe kwa niaba yangu. Dumu ulilotuma mwezi jana liko hapa mezani. Bado lina karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu: MAJI SAFI.

Ni mimi mdogo wako,
Profesa