Tembo Wapo, Baba Hayupo

Bi Yusrah mshauri wetu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo basi habari za kazi.

Kwanza naomba kuutangazia umma, kwa heshima zote, kwamba video kumi na saba za tembo mmoja, zilizopigwa kutoka dirisha la basi pale Mikumi, nyingi zikimwonyesha kwa nyuma, zimehifadhiwa mtandaoni na ziko salama kabisa.

Baada ya tangazo hilo, nakuomba msaada. Mimi ni mkulima wa alizeti hapa Zombo, nina miaka hamsini na moja, na ndimi msomi wa simu katika ukoo wetu, cheo nilichojipa mwenyewe, na marehemu baba yetu, mzee Casmir, alishika bendera stesheni ya Kilosa miaka ishirini na saba, na picha zake zilikaa kwenye sanduku la bati mpaka mafuriko ya mto yalipoingia ndani, tukazianika juani kama dagaa, zilizopona nikazipeleka steshenari zikaskaniwa, nikaziweka kwenye akaunti ya bure ya kampuni moja ya mtandaoni, nikawaambia ndugu kwenye kikao, "Huko hakuna maji wala panya," wakanipigia makofi, na zile za karatasi hazikumaliza mwaka kwa ukungu.

Sasa dada yangu Verdiana, aliyeolewa Mikumi, analijengea kaburi la baba, na fundi wa marumaru anataka ile picha ya baba na kofia ya reli aibandike pale juu. Nimefungua akaunti, nimekuta tembo tu. Dada anapiga simu kila siku. "Optatus, picha." Namwambia mtandao wa Zombo unasumbua. Jana kasema, "Mtandao huohuo unaonitumia tembo?" Nikaaga haraka.

Nadhani kampuni imenifutia. Nitajie nyingine ya kuaminika, itakayotunza picha hata miaka hamsini, na unishauri nimwambieje dada.

Optatus, Zombo

Kaka Optatus, marahaba. Umri wangu tuuache.

Pole kwa picha za mzee. Ila ni kampuni gani hiyo inayofuta baba wa watu na kubakiza makalio ya tembo? Picha hizo zimefutwa na mtu mwenye simu mkononi, na nadhani unamjua. Simu ikiunganishwa na akaunti, ukifuta huku, na kule kunafutika. Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, fungua kapu la takataka ndani ya akaunti. Picha iliyofutwa hukaa humo siku thelathini, pengine sitini, kisha hairudi tena.

Kampuni ya miaka hamsini siijui, na atakayekuahidi muogope. Ya bure hujaa, akaunti isiyofunguliwa muda mrefu hufungwa, na masharti hubadilishwa kwa barua pepe ambazo wewe huzisomi. Lipia nafasi kidogo kwenye kampuni iliyokwishakaa miaka mingi. Nakala nyingine iweke kwenye diski, ikae kwa dada yako, mbali na mto. Zile tano au sita mnazozipenda zaidi zichapisheni. Neno la siri walijue watu wawili, siyo msomi peke yake, na laini ya simu uliyofungulia akaunti usiiache ikafungiwa.

Dada mwambie wewe, kwa mdomo, ana kwa ana. Panda basi. Safari hii simu ikae mfukoni.

Bi Yusrah

Bi Yusrah, nimekwenda. Niliyokuficha ni haya: nilizifuta mimi. Nilikuwa Dumila nasubiri wali kwa mama ntilie, simu ikasema nafasi imejaa, nikachagua picha zote za zamani, nikiamini nafuta za kwenye simu tu na za mtandaoni zinabaki. Iliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilikuwa na hakika mara mbili.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula, akaichukua simu. Kapuni mlikuwa na picha mia moja na arobaini, zimebakiza siku nne. Ya kofia ilikuwemo. Akairudisha, akaitazama kitambo, akamtumia fundi. Kisha akafuta tembo wote bila kuniuliza.

Watu wawili wanalijua neno jipya la siri, dada na shemeji. Mimi sijaambiwa.

Optatus