Kenchi za Mzee Hoza

Jumatatu, 4 Machi 1996

Mvua tangu alfajiri. Nimepanga foleni tena ofisi ya kiwanda, hapa Shume, kusaini karatasi za kupunguzwa kazi. Miaka ishirini na miwili ya kukagua mbao, kisha saini tatu. Nyumba ya kiwanda tuiache mwisho wa mwezi, mnunuzi mpya anataka funguo. Zaina ameanza kufunga vyombo. Mke wangu huyu hangoji kuambiwa.

Afadhali pa kwenda papo. Mzee Hoza wa Magamba tumekubaliana aniuzie nyumba yake: vyumba vinne, paa la bati, milioni moja na laki mbili. Kiinua mgongo karibu chote kinaishia hapo. Keshokutwa naenda na fundi aikague, moyo utulie.

Jumatano, 6 Machi

Moyo haukutulia.

Fundi Shemboko kapanda darini na bisibisi. Imezama kwenye kenchi mpaka mpini. Mchwa. Kenchi nne kati ya sita zimebaki ganda tupu. Papi za kupigilia bati, upande wa jikoni, zinavunjika kwa mkono. Anasema paa zima lishushwe kabla masika hayajakolea. Nje kuta zimepakwa chokaa, zinapendeza. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti; na hapa hata mti haumo.

Nilikasirika. Nilitaka kumwita mzee tapeli. Yeye alikuwa uani, kamshika mkewe mkono anampeleka chooni. Bibi haoni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ndiyo sababu wanauza, wampeleke hospitali Moshi.

Nikasema tu kwamba bei tutaizungumza upya. "Haya, mwanangu," akajibu.

Alhamisi, 7 Machi

Fundi kaniletea kipande cha kenchi alichokikata jana, kiwe ushahidi wa kumwonyesha mzee. Nikakigeuza. Kuna alama ya nyundo: 17.

Kumi na saba ni mimi.

Kila mkaguzi pale kiwandani alikuwa na nyundo yake ya chuma yenye namba. Ubao ukishakauka na kutiwa dawa ya mchwa, unaugonga. Usio na alama hautoki getini. Mwaka mmoja dawa ilikosekana, na meneja akasema gongeni, watu wanasubiri mbao. Wenzangu wawili walikataa, wakapelekwa kufyeka msituni. Mimi niligonga. Wiki tatu niligonga mbao mbichi za paini. Nilijiambia huku kwetu baridi, mchwa ni wadudu wa Mombo, kule bondeni kwenye joto, hawapandi mlima.

Wamepanda. Kipande nimekificha chini ya kitanda. Zaina hajui.

Jumamosi, 9 Machi

Nikisema kweli, sina mdomo wa kuomba punguzo. Nikilipa bei ya kwanza, sina hela ya paa, na Aprili mvua itatulalia. Nikiiacha nyumba, hatuna pengine. Zaina kaniuliza mbona sili. Nimemjibu vibaya, naye hakustahili.

Naona haya. Lakini woga umezidi haya.

Jumatatu, 11 Machi

Tumekaa mimi, mzee na fundi. Chai ya maziwa, magimbi. Nikasema laki saba. Mzee akasema mbao alinunua kiwandani, zikiwa zimegongwa, na alilipia bei ya mbao zenye dawa. Alisema taratibu, macho yake kwangu. Mimi nikatazama kikombe.

Nikasema, "Mchwa hawasomi alama, mzee."

Sijui yalitoka wapi maneno yale. Ni maneno ya mtu mbaya. Fundi akacheka. Mzee hakucheka. Akaingia ndani, akakaa huko mpaka chai yake ikapoa. Aliporudi akasema laki nane.

"Basi tutatibu jicho moja," akasema.

Hakusema kwa kunisuta. Ingekuwa nafuu angenisuta. Nikakubali, tena upesi, kabla hajabadili nia.

Jumatano, 20 Machi

Tumeandikishana kwa mwenyekiti wa kijiji, na mashahidi wawili. Mzee kanikabidhi funguo na bahasha. Kasema karatasi zote za nyumba zimo, za zamani pia. Wamehamia chumba kimoja nyuma ya msikiti.

Nimeifungua bahasha nimekaa juu ya gunia la vyombo. Karatasi ya kiwanja ilikuwa chini. Risiti za bati katikati. Juu kabisa, karatasi ya kutolea mbao: kenchi sita na papi, zimekaushwa, zimetiwa dawa ya mchwa. Mwandiko wangu. Saini yangu. Jina langu na la baba yangu.

Siku ile alipoingia ndani, ndiyo aliyokwenda kuisoma. Angeiweka mezani mbele ya fundi ningekosa la kusema. Hakuiweka. Alisubiri niseme mwenyewe, na mimi nikanywa chai.

Zaina kauliza karatasi gani hiyo. Nimemwambia risiti.

Ijumaa, 12 Aprili

Paa limekwisha juzi. Mbao mpya nimezipaka dawa mwenyewe, mara mbili. Zile za zamani Zaina anapikia, zinawaka upesi. Laki nne za mzee ziko juu ya vichwa vyetu, zimepigiliwa misumari.

Leo nimesali msikiti wa hapa Magamba. Mzee Hoza alikuwa safu ya mbele. Nilitaka kutoka bila kuonana naye, lakini mlango ni mmoja. Shikamoo. Marahaba. Kasema bibi amerudi kutoka Moshi, jicho la kulia linaona, anawatambua watu wakimsogelea. Kisha akaniuliza kama nyumba inavuja.

Nikasema haivuji.

Akasema alhamdulillahi, akavaa viatu vyake.