Namba Tasa Ubaoni

Mume wangu,

Natumaini u mzima huko kazini. Huku mvua hazikatiki, na paa la jikoni limeanza kuvuja tena.

Jana niliwaandikia wanafunzi ubaoni 1,234,567,891, watafute namba ya kuigawa isibaki kitu. Mbili ikakataa, tatu ikakataa, saba nayo vilevile. Walihangaika mpaka kengele ikalia, ndipo nikawaambia hiyo ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, kwani tasa si mwanamke asiyezaa?"

Jirani yake akamkanyaga mguu chini ya dawati.

"Ndiyo, neno ni hilohilo," nikamjibu. Nikafuta ubao polepole, maana sikutaka kugeuka.

Nyumbani nilimkuta mama yako anakunja nguo zako. Akasema umepata mtoto huko. "Usimlaumu, mwanangu. Amevumilia sana." Nikamsaidia kufunga sanduku.

Nilitaka kukuuliza jambo moja tu. Ni wa kike au wa kiume? Mama hakusema, nami nilishindwa kumuuliza.

Ni mimi,
mkeo