Gari la Baba Nzembi na Rivasi Yake

Umoja, Nairobi,
9 Agosti 1981.

Mpendwa mdogo wangu Kanyiva,

Pokea salamu zetu nyingi. Hujambo huko Lodwar? Je, ile homa iliyokulaza wakati wa Pasaka imekwisha kabisa? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Nzembi ameota meno ya mbele, sasa anacheka hata watu wakiomba kanisani.

Mama anakushukuru kwa blanketi. Nyumba yake imeezekwa mabati, ila hayo mabati nusura yatutoe roho. Hebu sikia.

Unalikumbuka lile gari letu la bluu? Shemeji yako Baba Nzembi alimwuzia Bedan, muuza nyama wa Soko la Burma, mtu mnene, mpole asipoudhiwa. Bedan alilizunguka, akapiga magurudumu teke, akaliendesha hadi Outer Ring Road na kurudi kwa njia ya upande wa pili. Akaridhika, akalipa, akaenda zake akipiga honi. Pesa zikapita moja kwa moja hadi kwa mwenye mabati.

Sasa, mdogo wangu, gari lile halikuwa likirudi nyuma. Rivasi ilikufa mwaka jana. Ndiyo sababu Baba Nzembi aliliegesha siku zote pale penye mwinuko, pua juu, ili akitaka kutoka aliachie tu lijiteremkie. Majirani walidhani anapenda hewa safi.

Jumamosi Bedan akarudi. Aliliingiza gari kichochoroni hadi likagusa mlango wetu wa jikoni.

"Mzigo wako huo! Nipe pesa zangu!"

Kumbe alikwama nalo mbele ya bucha, mbele ukuta, nyuma mbuzi wa watu, na soko zima likamsukuma huku likimcheka.

"Gari kuukuu halirudishwi," Baba Nzembi akamwambia. "Ulilikagua mwenyewe."

Bedan akavua koti, akaketi kwenye kiti cha shemeji yako. "Basi sitoki."

Hata angetaka, angetokaje na gari lisilorudi nyuma? Gari lilikuwa limeziba njia ya jirani yetu Mzee Mulama, karani wa mahakama, aliyekuwa amefunga tai akienda harusini. Kwa haraka zake, akajifanya hakimu.

"Muuzaji hakulazimika kukutajia kila kasoro, Bedan. Una macho. Lakini ukimwuliza akakudanganya, hilo ni lake. Je, ulimwuliza?"

"Nilimwuliza kama gia zote zinaingia!"

"Nikasema zinaingia," Baba Nzembi akajibu. "Na zinaingia! Hata sasa jaribu rivasi, itaingia bila kelele. Sikusema gari litakwenda."

Kichochoro kizima kikaangua kicheko. Mzee Mulama akanigeukia. "Mama Nzembi, wewe wasemaje?"

Kanyiva, hebu fikiri. Nikisema kweli, huenda mabati ya Mama yakateremshwa. Nikisema uongo, Jumapili nitaimba kwa mdomo gani?

"Baba Nzembi," nikasema, "alipokuuliza, ulijua anataka kujua nini."

Akatazama viatu vyake. "Nilijua."

Ikaamuliwa Bedan abaki na gari, na shemeji yako atengeneze rivasi. Wote tukalisukuma nje, Mzee Mulama naye, tai begani.

Baba Nzembi akauza redio yake kumlipa fundi Ngigi wa Eastleigh. Siku hizi anasikiliza taarifa ya habari akiwa amesimama dirishani kwa jirani. Siku mbili alikula akinipa mgongo. Ya tatu Bedan akaja kinyumenyume kutoka barabarani hadi mlangoni, shingo imepinda, honi inalia, mbavu za mbuzi kwenye kiti cha nyuma. Tukachoma, tukala, wanaume wakacheka kama waliozaliwa pamoja.

Mzee Mulama naye sasa anauza gari lake. Juzi akaja mnunuzi, akalikagua, akasema hatoi hata senti kabla ya kumsikia Mama Nzembi. Shemeji yako amenikataza kutoka nje mpaka gari la watu liuzwe.

Nisalimie shemeji Makau, na mama mkwe wako umwambie goti lake namwombea. Wanangu Mbeti na Nzembi wanakubusu. Mungu akufunike huko jangwani, akurudishe kwetu Krismasi ukiwa na afya.

Ni mimi dada yako nikupendaye daima,
Mama Nzembi