Siku Niliyomwita Baba Mkwe Uwanjani

Alhamisi, mwanzoni mwa Agosti. Kiangazi kimekaza hapa Ngara, vumbi jekundu limefika mpaka kwenye meno. Jua halikuwa na huruma leo, na mimi sikuwa nayo.

Sikukusudia kuandika. Nimerudi kazini, nimevua buti, nimekaa jikoni na chai ambayo sijainywa. Lakini najijua. Nisipoandika leo, kesho nitakuwa nimeshajitungia hadithi nyingine ambayo ndani yake mimi ni mtu mwema.

Wanaosoma blogi hii wanajua kazi yangu: nakagua magari. Wanaonitukana kwenye maoni wanajua zaidi. "Dada, tuachie mikweche yetu." Kila wiki lazima apatikane mmoja wa kuniandikia hivyo, na kila wiki namjibu kitu kile kile.

Gari la zamani ninalivumilia. Kama bado lina injini liliyotoka nayo kiwandani, utaratibu wa ofisi yetu unalipima moshi kwa kipimo cha enzi zake. Ila ukishaing'oa injini ile ukaweka nyingine, umri wa bodi hauna kazi tena. Gari linapimwa kwa injini iliyomo ndani, na injini hiyo lazima iandikwe kwenye kadi. Watu wanaichukia kanuni hii kwa moyo wote. Wanataka gari liheshimiwe kama mzee na livute kama kijana.

Leo asubuhi alikuja mmoja wao. Baba mkwe wangu.

Nimeolewa Murusagamba, kwa Wahangaza, ingawa mimi ni Msubi wa Nyamahanga, kule Biharamulo. Kwao mkamwana hataji jina la baba mkwe. Halitaji akiwa na hasira, halitaji akiwa na homa. Jina hilo likifanana na jina la kitu, basi kitu hicho anakitafutia jina lingine. Kwetu Nyamahanga mwiko huu upo pia, ila watu wetu wanasahausahau. Kwao hawasahau. Akija mgeni akaniuliza hapa ni kwa nani, inabidi nimwite mtoto anijibie.

Na mwanangu wa pekee walimpa jina hilo hilo la babu yake. Kwa hiyo hata yeye sijawahi kumwita jina lake. Namwita Babu. Ana miaka sita, ananiitikia, tumezoea.

Hata hapa siliandiki.

Baba mkwe ana Landrova aliyoinunua kwa mapadre walipokuwa wanaondoka, zamani, kabla mume wangu hajazaliwa. Injini yake ya petroli ilikufa. Fundi mmoja wa Kasulo akamfungia injini ya dizeli iliyotolewa kwenye basi dogo lililopinduka, akakata boneti ili ifunge, akapitisha bomba la moshi chini ya sakafu likaishia katikati ya gari, hapo hapo chini ya benchi la nyuma. Kadi bado inasema petroli. Kila Jumapili mzee anakwenda nayo kanisani, yeye mbele na kofia yake, mama mkwe nyuma, juu ya moshi. Nimemsikia mama akikohoa tangu nilipoingia nyumba ile. Hakuna aliyewahi kusema kitu, hata mimi.

Alichagua siku yangu. Hilo nataka lieleweke. Tuko wakaguzi wawili, mimi na Method, na Method alishamwambia mwaka huu kwamba gari lile halipiti. Mzee akauliza zamu yangu ni lini, akaja. Maana utaratibu wetu uko hivi: gari likishapimwa, mmiliki anaitwa kwa sauti, kwa jina lake kamili kama lilivyo kwenye kadi. Anaitika, anasogea, anapewa majibu mbele ya watu ili baadaye asiseme alionewa chumbani. Asipoitwa akaitika, ukaguzi haujaisha, na gari linaondoka kama lilivyokuja.

Mzee aliliona tundu hilo kabla yetu sote. Akajiambia: mkamwana hawezi kunitaja. Asiponitaja, hawezi kunizuia.

Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimesimama, macho chini. Alingoja nipige magoti. Suruali ya sare haipigi magoti. Akasema marahaba kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa, kisha akawageukia wanaume waliokuwa wakisubiri zamu zao, akawaambia, "Huyu ndiye mke wa kijana wangu. Analala chini ya magari, halafu anakuja kutupikia." Wakacheka. Utani huo ameusema kwenye kila sherehe tangu niolewe, na kila mara watu wanacheka kana kwamba ni mpya.

Nikafungua boneti. Injini ilikuwa inaunguruma kwa adabu, moshi hauonekani kabisa. Nikaangalia pampu. Skrubu ya kupimia dizeli ilikuwa na mikwaruzo mipya, inang'aa. Walikuwa wameibana asubuhi hiyo hiyo. Mafundi wa huku wote ndivyo wanavyofanya: wanabana pampu siku ya ukaguzi, injini inakula kidogo, haitoi moshi wala haina nguvu, halafu wakishapata stika wanasimama kwenye kona ya kwanza na kuifungulia. Ningeweza kusema hapo hapo, tukamaliza kimya kimya.

Sikusema. Nilitaka aaibike kwanza.

Nikawaambia wale waliocheka wapande nyuma, wote, gari lipande mlima hadi kwenye tangi la maji. Mama mkwe alikuwa bado amekaa mle ndani na kikapu chake, hakuna aliyemwambia ashuke. Mimi pia sikumwambia. Landrova ikaanza kupanda, ikafika katikati, ikatetemeka, ikazima. Ikaanza kurudi kinyumenyume, wanaume wakaruka chini na kuanza kusukuma, viatu vinateleza kwenye changarawe. Wauza ndizi wa ng'ambo ya barabara walisimama kutazama. Nilifurahi. Nilisimama na ubao wangu wa kuandikia nikafurahi mpaka tumbo likapata joto.

Baba mkwe hakuvumilia kuchekwa. Akamfokea fundi wake wa Kasulo, aliyekuwa kwenye usukani, "Fungulia hiyo kitu! Waone nguvu yake!" Fundi akanitazama, akafungulia. Gari likapanda kwa kishindo, na moshi mweusi ukafunika mlima wote, ukashuka mpaka kwa wauza ndizi. Lilipofika juu hatukuliona.

Liliporudi, mama mkwe alishuka kwa kushikilia mlango. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha kwaya kichwani. Hakikuwa cheupe tena. Alikohoa akiwa ameinama, akatema mate meusi, akayafukia na mguu haraka ili nisione.

"Ni vumbi tu, mwanangu," akaniambia.

Sasa kila mtu pale alijua majibu. Ilibaki mmiliki kuitwa tu. Baba mkwe akaenda kwenye benchi, akakaa, akaweka kofia kwenye goti. Alikuwa ametulia kabisa. Akasema, "Hii gari ni ya zamani, mkamwana. Mzee haulizwi kwa nini anakohoa." Nikamjibu nikiwa natazama ardhi kwamba mwili ni wa mzee ila mapafu ni ya kijana, na sisi tunapima mapafu. Akatabasamu.

"Haya basi. Niite."

Wale wanaume wakacheka tena. Walikuwa Wahangaza wengi wao, walielewa. Method akanisogelea, akaninong'oneza, "Nipe kadi, nimwite mimi. Haikupunguzii kitu." Alisema kweli. Kadi ilikuwa mkononi mwangu, ningenyoosha mkono tu, gari lingezuiwa, mama angepona moshi, na Jumapili ningekwenda Murusagamba kama kawaida, nikala nimeelekea ukutani ili nisimtazame mzee, kama kawaida.

Nikamwambia Method hapana.

Nikalitamka. Mara ya kwanza lilitoka dogo. Hakuitika. Nikavuta pumzi nikaliita tena kwa sauti ya kuitia mtu aliye ng'ambo ya bonde, jina la ubatizo, jina lake, na jina la baba yake, yote matatu, nikimtazama usoni. Sijawahi kumtazama usoni. Ana jicho moja lenye ukungu. Miaka yote hii sikujua.

Kofia ilianguka. Hakuiokota.

"Nipo," akasema, kwa sauti ya mwanafunzi.

Nikamsomea majibu yake polepole, neno kwa neno, polepole kuliko ilivyohitajika. Injini haimo kwenye kadi. Moshi umezidi. Pampu imechezewa. Gari linabaki uwanjani mpaka injini irekebishwe na iandikishwe. Nikamuuliza kama ameelewa. Hilo halimo kwenye utaratibu, nililiongeza mwenyewe. Akasema ameelewa.

Kama nitasema nilifanya kwa ajili ya mama mkwe, mnaweza kuniamini. Ni sababu nzuri, na kitambaa kile mlikiona nami. Lakini nilipokuwa naita sikumkumbuka mama hata kidogo. Nilikuwa namkumbuka yeye na utani wake wa sherehe. Nilitaka aitike.

Waliondoka kwa miguu kwenda kutafuta bodaboda, yeye mbele, mama nyuma na kikapu. Mama alipopita karibu yangu alisimama. Nilidhani atanishika mkono. Labda nilidhani atanishukuru, sijui, mtu akishafanya ukatili anategemea asante kutoka mahali fulani.

"Ungeniacha nikohoe," akasema. Akaendelea na safari.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imeshanitangulia. Mume wangu ni mwalimu, mtu mpole, siku zote ndiye anayenitetea kwa ndugu zake. Sheria ni msumeno, huwa anawaambia, mke wangu hakuitunga. Leo hakuutaja msumeno. Alikuwa anafunga begi dogo kwenye pikipiki.

"Kuzuia gari ningekuelewa," akasema. "Method alikuwa pale. Umemvua baba yangu nguo mbele ya watu, na ulikuwa na mtu wa kukusaidia usimvue."

Amekwenda Murusagamba kuomba radhi kwa niaba yangu. Wazee wakikubali, atatafutwa mbuzi, itatengenezwa pombe ya ndizi, nitakaa nje ya uzio mpaka niitwe. Wasipokubali sitakanyaga tena ile nyumba, wala kwenye msiba, wala kumzika mama. Hilo la mwisho hakulisema yeye, nimeliwaza mimi. Kifua cha mama hakina muda mrefu, na wote tunajua.

Ninasikitika? Najiuliza tangu saa tisa. Kwa mama nasikitika sana. Kwa mzee bado. Nikifumba macho nasikia ile "nipo" yake, na kuna kitu ndani yangu kinachuchumaa karibu nayo na kuota moto. Naandika hili kwa aibu, lakini ndivyo lilivyo.

Jua lilipoanza kupungua, mwanangu alirudi kutoka kucheza. Akasimama mlangoni, magoti mekundu kwa vumbi, anahema.

"Mama, akina Jeni wanasema leo umeita jina langu kazini. Kwa nguvu, mpaka sokoni wamesikia."

Alikuwa anafurahi. Uso mzima ulikuwa unafurahi. Hakuna mtu aliyemweleza kilichobaki.

"Na mimi niite," akasema.

Nikaacha mwiko kwenye sufuria. Nikafungua mdomo. Mwiko wa wazee nilishauvunja, hakuna kilichokuwa kimebaki cha kunizuia. Na jina likaja kweli, lilikuwa pale kwenye ulimi, ila lilikuja na sauti ile ile ya uwanjani, na kofia ile chini, na neno gari nyuma yake. Nikaufunga mdomo.

"Njoo ule, Babu."

Alisubiri kidogo, huenda alidhani namtania. Kisha akaja akala ugali wake, na alikula ameelekea ukutani.

Kesho nitaingia kazini na Landrova itakuwa pale pale, hilo naliweza. Lakini kwa miaka sita nimelinyamazia jina la mwanangu, na siku ya kwanza ninayolifungulia kinywa nimelitumia kukamatia gari. Sasa yeye nimwite kwa lipi?